Jina la Farasi

Jumapili ile Weynishet aliamka na furaha ya kijinga, ile ya kumfanya mtu azungumze na masufuria. Yoftahe alikuwa anakuja. Wala si kuja kwa kujiiba, kusimama nje ya ua wa kanisa na kujifanya anasoma matangazo ya vifo hadi Weyni atoke. Leo alikuwa anakuja kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kwa mwaliko wa baba mwenyewe.

Miaka miwili baba huyo, Ato Gizachew, alikuwa amekaza shingo. Wazee wa posa wa Yoftahe walikuja na mashuka yao meupe mabegani, wakasimama sebuleni na kukataa kuketi mpaka wapewe jibu, na jibu walilopewa lilikuwa la adabu tupu lenye pilipili ndani. Mara ya kwanza baba aliwauliza kama kwao kuna mtu angemchukua binti yake, mhasibu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, akampa kijana asiye na baba anayening'inia kwenye kamba akipiga picha. Mara ya pili alilegea kidogo na ukoo ukahesabiwa, upande huu na upande ule, hadi kizazi cha saba kama inavyotakiwa, maana wanaokutana ndani ya vizazi saba ni ndugu na hawaoani. Watu wa Yoftahe walikuwa wa Merhabete, watu wa baba wa Menz, na damu zao hazikukutana popote. Siku hiyo Emama Yeshimebet, mama mzazi wa baba, alikuwa amelazwa hospitali kwa kifua, kwa hiyo majina ya upande wake aliyataja baba.

Mara ya tatu baba alisema maneno yaliyomnyima Weyni usingizi.

"Hiyo filamu mji mzima unaisifu. Aje nayo hapa. Nikiiona kazi yake nitajua nimwambie nini."

Kwenda sinema hakutaka hata kusikia. Mtu wa umri wake, alisema, hakai gizani katikati ya wapenzi.

Basi Yoftahe alikuja, suti imemkaa vibaya kwa sababu mabega yake yalikuwa yamezoea mikanda ya kamera. Kwapani alibana spika ya kuazima, na mkononi alishika flashi ndogo yenye filamu, ameikumbatia utadhani ni kifaranga.

"Ingia, usisimame mlangoni kama mtu wa bili ya maji," mama yake Weyni, Etiye Asnakech, alimwambia. "Kuku yuko jikoni. Filamu kwanza, maana Gashe, mzee wetu huyu, akishiba analala."

"Silali," alisema Ato Gizachew kutoka kwenye kiti chake. "Ninafumba macho ili nisikie vizuri."

Yoftahe aliinama akambusu Emama magotini. Yule bibi alimshika kidevu na kumwinua uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe ndiye unayemfanya mjukuu wangu aunguze kahawa?"

"Ndiye mimi, Emama."

"Mwembamba. Kwenu hawali?"

"Wanakula, Emama. Mimi tu ndiye ninayekimbia sana."

Emama alicheka bila meno na hakukiachia kidevu upesi. Weyni, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake cha chini mbele ya jiko la mkaa, majani mabichi yametandazwa miguuni, alijificha nyuma ya moshi wa ubani asionekane anavyotabasamu. Yoftahe alimtupia jicho moja tu, la haraka, na lilimtosha.

Filamu ikaanza. Alfajiri, ukungu, farasi mmoja anapumua. Kisha kamera ikaanza kutembea, na haikusimama tena. Ilipita katikati ya wanaume wenye ngao na mikuki, watu wa zama za mababu, ikaingia ndani ya hema, ikatokea upande wa pili, ikapanda kilima na jeshi, ikashuka nalo. Ato Gizachew alikunja mikono kifuani kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga.

Baada ya muda akauliza, "Mbona picha haikati?"

"Haikati, Gashe. Vita vyote ni pigo moja la kamera, kuanzia alfajiri hadi mtoni."

"Na mtu akipiga chafya?"

"Tunarudi mwanzo. Farasi, moshi, watu mia tatu, wote mwanzo."

"Mlirudi?"

"Tulirudi mpaka farasi wakaanza kutujua kwa majina."

Baba alikohoa kuficha kicheko. Kwenye runinga kamera iliruka korongo. Iliacha ardhi, ikaelea juu ya mto, chini watu wakionekana wadogo kama punje za teff, kisha ikatua ng'ambo na kuendelea kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba alijikuta amesogea hadi ukingoni mwa kiti.

"Hapo aliyeshika kamera ni nani?"

"Mimi, Gashe."

"Umevukaje?"

"Kwa kamba."

"Ile kamba ninayoisemaga?"

"Hiyohiyo."

Ato Gizachew alimtazama kijana yule, akatazama runinga, akamtazama tena. Weyni alimjua baba yake. Alijua jinsi uso ule unavyolegea kuanzia kwenye nyusi, na sasa nyusi zilikuwa zimelegea. Alitia buni kwenye kikaango. Atakubali, alijiambia. Mungu wangu, leo atakubali.

Hapo ndipo lango likagongwa. Alikuwa mweka hazina wa chama cha mazishi cha mtaa, mtu asiyejua kuzungumza kwa ufupi, na baba akatoka kumpokea huku akinung'unika. "Endeleeni, nisiwacheleweshe." Mama alikuwa jikoni akigeuza mayai ndani ya mchuzi. Sebuleni wakabaki watatu, Emama kwenye kochi, Yoftahe sakafuni karibu na spika, Weyni kwenye kigoda akitwanga buni zilizoiva.

"Weyni, acha kutwanga kidogo," Yoftahe alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtoto. "Tazama huyu. Huyu ni babu yangu."

Mzee mmoja mrefu, mwenye ndevu nyeupe na ngao ya ngozi, alichomoka kutoka kwenye safu ya wapiganaji akaja moja kwa moja mbele ya kamera.

"Ni Ababa Tessema, ndugu yake babu yangu mzaa baba. Tuliwachukua wazee wa kijijini wawe jeshi, naye aliambiwa asimame tu. Nilipompitia na kamera, damu ikamchemka akatoka kujigamba. Mwongozaji alishika kichwa. Lakini tungekata vipi? Tulishavuka korongo. Nikamwacha aseme, nami nikamzunguka. Sasa watu wanasema ndiyo sehemu nzuri kuliko zote."

Na ilikuwa nzuri kweli. Mzee alitikisa mkuki, akaruka kushoto, akaruka kulia, sauti yake ikapasua milio ya bunduki, akijigamba kama wanaume wa kale walivyojigamba, kwa kumtaja aliyemzaa na aliyemzaa aliyemzaa.

"Mimi Tessema! Mimi wa Shiferaw, asiyerudi nyuma! Mimi mjukuu wa Wolde Tsadik, mjukuu wa Aba Mebrek, aliyeingia vitani juu ya radi akatoka juu ya radi!"

Mchi ulimtoka Weyni mkononi.

Jina lile alilijua kabla ya kujua kusoma. Aba Mebrek. Lilikuwa jina la farasi, jina ambalo shujaa hupewa kwa ajili ya farasi wake, na Emama alikuwa akimbembeleza nalo alipokuwa mdogo na homa. Lala, mtoto wa Aba Mebrek, radi hailii kwa homa. Babu yake Emama, aliyemzaa Desta, aliyemzaa Emama.

Aliinua macho polepole, akiomba bibi awe amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa ameketi wima, mkono mmoja umeshika shuka kifuani, anamtazama yule mzee wa kwenye runinga kwa macho yaliyojaa maji. Kisha akayageuza macho yale kwa Weyni, na wote wawili wakajua kwamba mwenzake amesikia.

"Emama, umempenda babu yangu?" Yoftahe aliuliza akicheka, bila kugeuka.

"Nimempenda," alisema Emama. "Weyni, nishike mkono. Nataka kunawa."

Walikwenda kwenye bomba la uani; mweka hazina bado alikuwa langoni akimweleza baba habari za mahema. Emama hakunawa. Aliufungua mfereji uchuruzike, wasisikike.

"Shiferaw ni baba yangu mdogo," alisema. "Mdogo wake baba. Waligombana kwa sababu ya nyumbu. Nyumbu, mwanangu, hata si shamba. Akavuka kwenda Merhabete kabla sijazaliwa, na baba akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Tulidhani alikufa porini. Kumbe alizaa. Kumbe ana Tessema."

"Majina yanafanana, Emama. Menz nzima ina akina Shiferaw kuliko kondoo."

"Na Wolde Tsadik mwenye farasi anaitwa Radi wapo wangapi?"

Emama alimpapasa shavu kwa kiganja chenye maji.

"Leo nimempata binamu yangu, yuko hai, ana ndevu kama za baba yangu, na siwezi hata kupiga vigelegele. Sikiliza. Mimi ni mzee. Mbele ya kasisi nikiapa kwamba masikio yangu yamekufa, nani atabisha? Lakini mtakaolala kitanda kimoja ni ninyi, na watoto mtawazaa ninyi. Nisikie au nisisikie, niambie wewe."

"Usinitwishe hilo, Emama."

"Nimtwishe nani? Yule hajui."

Weyni alimrudisha bibi kwenye kochi. Baba alikuwa amesharudi na kuzama tena kwenye vita, mdomo wazi, bisi zinazoliwa na kahawa zimemnasa ndevuni. Weyni aliinama kwenye jiko akachochea makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu.

"Mkaa umekwisha," alisema. "Yoftahe, hebu nisaidie gunia."

"Mwache kijana aone kazi yake," alisema baba.

"Nimeiona, Gashe," Yoftahe alisema akiinuka upesi mno, na baba, kwa ajabu ya siku ile, akaguna tu na kuwaacha.

Stoo ya mkaa ilikuwa nyuma ya jiko, chumba cha mabati ambacho mtu akisimama wima anagusa paa. Yoftahe aliingia akitabasamu.

"Umemwona baba yako? Ameniuliza habari za lenzi, Weyni. Baba yako. Lenzi." Kisha akaona uso wake. "Kuna nini?"

Alimwambia. Alimwambia kwa sentensi fupi, jina baada ya jina, kidole baada ya kidole, kama walivyofundishwa tangu utotoni. Wewe, baba yako, babu yako, Shiferaw, Aba Mebrek. Mimi, baba, Emama, Desta, Aba Mebrek.

Yoftahe alihesabu vidole vyake mwenyewe, akarudia tena.

"Lakini tulihesabu," alisema. "Wazee walikaa kutwa nzima."

"Wako bila shaka walisema Wolde Tsadik, maana ndilo jina alilobatizwa. Baba yangu akasema Aba Mebrek. Alitaka kuwatisha wageni kwa jina la vita, na wageni wakaona aibu kuuliza jina lake la nyumbani. Na sisi hatukuwepo. Vijana wanakaa wapi wazee wakihesabu?"

"Nani mwingine amesikia?"

"Emama. Yuko tayari kunyamaza."

"Basi tunyamaze." Alimshika mabega kwa mikono miwili. "Weyni, nisikilize. Kuna watu wanaooa mtoto wa shangazi yao na mbingu haijaanguka. Wanazaa, wanazeeka. Sisi ni watu wa nyumbu aliyekufa zamani, hatujawahi hata kula sahani moja. Tunyamaze, tuoane, tuhame hata mji."

"Na filamu?"

"Filamu nini?"

"Itaonyeshwa runingani sikukuu ya Pasaka. Umesema mwenyewe. Kule Menz kila mwenye sebule ataiona. Kuna shangazi zangu pale, kuna kasisi wa Emama. Mzee wako atasimama mbele yao wote na kuwatajia."

"Nitamwambia mwongozaji aikate ile sehemu."

"Aikate wapi?"

Yoftahe alifungua mdomo. Weyni alimwona akitafuta, alimwona akipita akilini kwenye ile picha yote ndefu, kilima kwa kilima, akitafuta mahali pa kutia mkasi, na alimwona alipokosa.

"Haikatiki," alisema mwishowe, taratibu.

"Haikatiki."

"Kamera niliishika mimi. Ningeweza kuigeuza, Weyni. Kugeuza tu bega, nikawapiga picha farasi. Nilisema moyoni, huyu ni wangu, lazima Weyni amwone." Alijifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Nitaiua filamu. Nitaichoma. Nitasema nakala imeharibika."

"Watu wangapi walikimbia kwa ajili ya ile picha?"

"Sijali."

"Unajali. Ningekuwa sikujui ningekuamini." Alimfuta masizi ya mkaa shavuni, akazidi kuyatandaza. "Na hata ukiichoma, mimi nimesikia. Nitakuwa nakuita mume wangu, na kichwani namsikia Emama akiimba. Mtoto wetu akiugua hata mafua, nitasema ni sisi. Nitakuchukia, Yoftahe. Sitaki siku moja nikuchukie."

Alilia bila sauti, paji la uso kwenye ukuta wa bati, mabega yale mapana yakitikisika ndani ya suti mbaya. Weyni alitamani kumwambia amebadili mawazo. Neno lilimfika hadi kwenye meno. Aliling'ata na kuliweka pale, akajaza mkaa kwenye ndoo.

"Nipe leo tu," Yoftahe alisema. "Usiseme leo. Nione baba yako akinikubali, hata kwa kahawa moja."

"Sawa," alisema Weyni, na alikuwa akisema kweli wakati ule.

Waliporudi, jeshi lilikuwa limefika mtoni. Wapiganaji waliobaki walikunywa maji kwa viganja, kamera ikashuka taratibu hadi usawa wa maji, ikazama, na kukawa kimya. Etiye Asnakech, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, alijipangusa macho kwa kitambaa cha jikoni. Ato Gizachew hakujipangusa. Aliyaacha yachuruzike, akawa anakodolea kioo cheusi.

Weyni alimimina kahawa ya kwanza na ya pili, kisha akaongeza maji kwenye birika la udongo kwa ajili ya ya tatu, ile ya baraka, ambayo mgeni haondoki bila kuinywa. Ilipochemka akaimimina. Baba alipokea kikombe, akakishika bila kunywa.

"Mimi ni mtu mgumu," alianza. "Mke wangu anajua. Nilisema huyu kijana anafanya mchezo. Kumbe mtu anaweza kubeba jeshi zima begani asilitingishe." Akamgeukia Yoftahe. "Waambie wazee wako waje Jumapili ijayo. Waambie safari hii waje na njaa."

Etiye Asnakech alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa aibu. Yoftahe alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa mtu asiyejua, ilionekana ni unyenyekevu.

"Njoo nikubariki," alisema baba. "Na wewe Weyni, acha hivyo vikombe. Njooni wote wawili mpige magoti."

Weyni alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Idhini ya baba angeweza kuibeba, na kesho au keshokutwa angeweza kuikana. Lakini mkono wa baba yake kichwani, maneno ya Mungu, wazae, wajaze nyumba, na yeye chini yake akijua, na Emama pale kwenye kochi akijua! Alipiga magoti kwenye majani kando ya Yoftahe, akamtazama bibi. Bibi aliangalia mikono yake mwenyewe.

Alimtazama Yoftahe. Alimtazama kwa muda mrefu, mbele ya wote, bila kuficha lolote, akaweka kwenye jicho lile kila alichokuwa amekusudia kumwambia maishani. Yeye akaelewa. Akafumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa kidogo sana kumwomba asiseme, kisha akaacha kutikisa.

"Baba," alisema Weyni, "kuna mahali hukuona. Ulipokuwa langoni."

"Nitaona siku nyingine."

"Ona sasa. Kabla hujatubariki. Yoftahe, rudisha pale kwa Ababa Tessema."

Rimoti ilikuwa kwenye majani, karibu na goti la Yoftahe. Aliiokota. Kidole gumba kilikaa juu ya kitufe hadi baba akauliza, "Imeharibika?"

"Haijaharibika, Gashe," alisema, akabonyeza.

Maji yakatema jeshi, jeshi likarudi kinyumenyume kilimani, moshi ukaingia tena kwenye bunduki. Mzee mwenye ndevu nyeupe akachomoka kwenye safu. Akaruka kushoto, akaruka kulia. Mimi Tessema. Mimi wa Shiferaw. Mimi mjukuu wa Wolde Tsadik, mjukuu wa Aba Mebrek.

Yoftahe aliisimamisha picha pale pale, mkuki hewani.

Ato Gizachew alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia jina lake sokoni. Kisha kikamwishia usoni.

"Amesema nani?"

"Emaye," alimgeukia mama yake, kwa sauti ambayo Weyni hakuwahi kuisikia, ya mtoto. "Babu yako, Aba Mebrek. Alibatizwa nani?"

"Wolde Tsadik," alisema Emama.

"Na huyu Shiferaw?"

"Baba yangu mdogo. Yule tusiyemtaja."

Baba alikiweka kikombe chini, na kahawa ikamwagikia majani. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, na kila mtu akamwacha ahesabu ingawa hakuna aliyekuwa anahitaji hesabu. Alipomaliza alijifunika uso kwa viganja.

"Ni mimi," alisema ndani ya viganja. "Wale wazee waliniuliza, na baba yake Desta? Nikasema Aba Mebrek, nikatoa kifua. Jina la farasi. Kama ningesema jina la mtu, tungejua siku ileile. Msingefika hapa."

"Tungekuwa tumeshafika, baba," alisema Weyni. "Tulishafika zamani."

Etiye Asnakech alikaa chini pale pale mlangoni, mwiko mapajani, akalia kama kwenye msiba. Yoftahe aliinuka. Alichomoa flashi kwenye runinga, na yule mzee akatoweka. Akatafuta la kusema, akainama kidogo kumpa Ato Gizachew heshima yake.

"Nawashukuru kwa kahawa, Gashe. Nitatuma mtu aje kuichukua spika."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Gashe."

Ato Gizachew alisimama. Alikuwa mtu mnene, aliinuka kwa shida, na machozi yalikuwa bado yanamtiririka, ila sasa yalikuwa mengine. Alikwenda akamkumbatia yule kijana aliyemfukuzia wazee mara mbili na kumchelewesha miaka miwili, akamkandamiza kifuani kwa nguvu zote.

"Nyumbani ni hapa," alisema. "Mtoto wa Shiferaw. Wewe huna baba, nami niko hapa nimekaa. Usiniite tena Gashe. Nisamehe, mwanangu. Nilikuzuia mlangoni, na nyumba ilikuwa yako."

"Mlete kwangu," alisema Emama.

Sinia lilikuwa limeletwa. Emama alimega injera kwa vidole vyake, akaizungushia kipande cha kuku, akakikunja vizuri, akamlisha Yoftahe mdomoni mwenyewe, kama anavyolishwa mtu wa damu. Na hapo, mbele ya machozi ya kila mtu, bibi akapiga kile kigelegele alichokuwa amekibana, chembamba, kirefu, kwa ajili ya binamu yake mwenye ndevu. Yoftahe alitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, tonge haliteremki, machozi yakimwingia kwenye pembe za mdomo pamoja na pilipili.

Weyni alikuwa bado amepiga magoti kwenye majani. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Hatimaye baba alimwona. Alimwangalia kwa huruma iliyokuwa kubwa na isiyo na faida yoyote, akamnyooshea mkono.

"Njoo, Weyni. Njoo umsalimie kaka yako."

Aliinuka. Alisimama mbele ya Yoftahe, karibu kiasi cha kuona masizi aliyomtandazia shavuni, na akambusu shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena, kama ndugu wanavyosalimiana. Mashavu yake yalikuwa na chumvi. Alihisi pumzi yake sikioni, imekatika, ikisubiri, halafu ikaondoka.

Baba yao aliwatazama hadi mwisho, na hakuwa na sababu yoyote ya kukasirika.